KIASI CHA BARUTI: HABARI ZA GOBORI NA WAPIGAJI WAKE



Katika mkutano mmoja wa chama chetu, mzee mmoja alituletea kitu kilichofungwa katika gunia. Alipokifungua tukaona gobori la marehemu babu yake, lililokaa darini miaka mingi hata hapakuwa na mtu aliyekumbuka lilipigwa lini mara ya mwisho. Vijana wakalizunguka kulitazama. Mmoja wao akaliinua, akalielekeza ukutani, akacheka. Ndipo mzee mwingine, ambaye katika ujana wake alikaa na wasasi, akamwambia, "Mwanangu, liweke chini polepole. Nipe mdeki."

Akautia mdeki katika mdomo wa mtutu mpaka ukagota. Akashika kwa kidole mahali ulipoishia, akautoa, akaupima kwa nje, kutoka mdomo wa mtutu mpaka kwenye kitundu cha moto. Ukapunguka kwa upana wa vidole vinne. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Limeshindiliwa. Aliyelishindilia amekwisha kufa, lakini kiasi chake ki hai."

Hapana aliyecheka tena. Polisi wakaarifiwa, wakaja kulichukua. Baada ya siku ile wazee waliniomba niandike katika kitabu chetu cha mwaka habari za silaha hii ya kale, na hasa habari za kiasi, maana katika kiasi ndimo ulimokuwa ujuzi wote wa mpigaji wa gobori. Nami nimetii.

Kwanza yafaa tulitazame neno lenyewe. Kiasi, kama tujuavyo sote, ni kipimo. Lakini katika Kiswahili cha wazee kiasi cha bunduki kilikuwa ni ile baruti na risasi itiwayo kwa pigo moja. Yaani lugha yetu ililiita shindilio la bunduki kwa jina la kipimo, kwa sababu bila kipimo hapana bunduki, pana hatari tu.

Gobori ni bunduki ishindiliwayo kwa mdomoni. Baruti humiminwa kwanza, kisha hutiwa kitambaa au makumbi, kisha risasi, na yote husukumwa kwa mdeki mpaka chini kabisa. Moto huingia kwa kitundu kidogo kilicho nyuma ya mtutu. Hapo kale moto huo ulitoka katika utambi, na bunduki ya namna hiyo iliitwa bunduki ya mrao. Baadaye likaja jiwe la gumegume lipigwalo na chuma likatoa cheche. Mwisho ikaja fataki, iliyotokana na kazi ya kasisi mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hati ya uvumbuzi katika mwaka wa 1807. Yeye aliona kwamba ndege waliustuka mwali wa gumegume wakaruka kabla risasi haijawafikia, akatafuta moto ulio mwepesi zaidi.

Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti. Wachina walikuwa wa kwanza kuijua, na kitabu chao cha mambo ya vita cha mwaka wa 1044 kina maandiko ya namna ya kuichanganya. Vipimo vilivyothibitika baadaye katika nchi nyingi ni hivi: katika sehemu 100, shura ni 75, makaa ni 15, na kiberiti ni 10. Tena mafundi waligundua kwamba baruti iliyo unga mtupu haiwaki sawasawa. Wakailowesha, wakaikanda, wakaikausha na kuivunja iwe punje punje, ili moto upate nafasi ya kupita katikati. Punje ndogo huwaka upesi, punje kubwa huwaka polepole. Kwa hiyo mtutu mwembamba hupewa punje ndogo, na mtutu mpana hupewa punje kubwa. Mtu asiyejua tofauti hii aweza kuwa na kipimo kilicho sahihi na bado akakosea, maana kiasi si wingi peke yake, ni wingi na aina.

Sasa, silaha hizi zilifikaje kwetu kwa wingi? Wareno na Waarabu walikuwa nazo tangu zamani katika vita vya pwani, lakini wingi wake ulikuja katika karne ya 19. Katika mwezi wa Septemba mwaka wa 1833, Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani. Wafanya biashara wao walipewa ruhusa ya kuuza na kununua katika bandari zake zote. Lakini kulikuwa na sharti moja: katika kisiwa cha Unguja, bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali yake tu, na katika bandari nyingine ziweza kuuzwa kwa yeyote atoaye bei kubwa. Sayyid Said alijua maana ya baruti. Hakutaka watu wengine wawe nayo karibu na nyumba yake.

Kutoka pwani bunduki zilikwenda bara pamoja na nguo za merikani, shanga na waya. Vipipa vya baruti vilikuwa mizigo ya wapagazi, na vilitolewa kuwa hongo kwa watemi ambao misafara ilipita katika nchi zao. Baruti nyingine haikuua mtu wala mnyama. Ilikuwa desturi ya msafara kupiga bunduki ulipokaribia mji, ili wenyeji wajue kwamba wageni waja kwa amani na kwa heshima. Stanley alipofika Ujiji katika mwaka wa 1871 kumtafuta Dakta Livingstone, watu wake waliingia kwa milio ya bunduki namna hiyo. Kwa shangwe za harusi na sikukuu pia baruti ilipigwa bila risasi, na huko kosa la kipimo lilikuwa ni kelele tu, maadamu mtutu ulikuwa mzima.

Kisha mataifa ya Ulaya yakabadilisha silaha zao. Tangu miaka ya 1860 majeshi yao yalianza kuchukua bunduki zishindiliwazo kwa nyuma, na magobori yao ya zamani yakawa hayana kazi tena. Mengi yakauzwa Afrika. Pamoja nayo yalikuja yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya biashara hasa, kutoka Birmingham katika Uingereza na Liège katika Ubelgiji. Katika mwaka wa 1888 Balozi wa Kiingereza wa Unguja alikadiria kwamba bunduki 80,000 hata 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika kwa upande huu wa mashariki kila mwaka. Mwisho wa mwaka huo huo Waingereza na Wajerumani waliifunga pwani kwa manowari zao, na katika mwaka wa 1890 mataifa yakakubaliana huko Brussels kuzuia silaha zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini mapatano hayo yaliacha mlango mdogo wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Basi silaha mpya zikabaki mikononi mwa watawala, na gobori likaachiwa Mwafrika. Hii ni sababu moja kubwa iliyolifanya lidumu kwetu siku nyingi baada ya kusahauliwa kwingine.

Yatupasa kukumbuka pia kwamba si wasasi wote wa nchi hizi waliolihitaji. Wakamba na Waata walipata pembe nyingi kwa upinde na mshale wa sumu, bila moshi wala mlio. Nao walikuwa na kiasi chao, maana sumu iliyopikwa vibaya au iliyokaa siku nyingi ilikuwa ni kazi bure.

Turudi sasa kwenye kipimo. Mpigaji mgeni hudhani kwamba baruti ikizidi, risasi itakwenda mbali zaidi na itapiga vizuri zaidi. Dhana hii ni ya kale sana, nayo ilivunjwa na watu wawili wa Uingereza. Wa kwanza ni Benjamin Robins, ambaye katika mwaka wa 1742 alieleza chombo cha ajabu kwa usahili wake: gogo zito lililoning'inizwa kama pembea. Aliipiga risasi ndani yake, akapima gogo lilivyosogea, akajua mwendo wa risasi. Aliona kwamba upepo huizuia risasi kwa nguvu nyingi sana kuliko watu walivyodhani.

Wa pili ni Charles Hutton. Mtu huyu alizaliwa Newcastle katika mwaka wa 1737, na katika ujana wake alifanya kazi ya kuchimba makaa ya mawe shimoni. Kwa bidii ya masomo akawa mwalimu, na mwisho akawa mwalimu wa hesabu katika chuo cha jeshi cha Woolwich. Kwa majaribio yake ya mizinga alipewa medali ya Copley katika mwaka wa 1778. Alilolionyesha ni hili: ukitaka risasi ile ile iende kwa mwendo uliozidi mara mbili, haitoshi kuongeza baruti mara mbili, yakupasa kuiongeza mara nne. Ukiiongeza mara mbili tu, mwendo hauzidi nusu yake. Lakini bega la mpigaji halipewi punguzo hilo. Kila punje iliyozidi, bega huilipia.

Labda mtu atasema haya ni maneno ya vitabuni. Basi natoe habari ya msasi mwenyewe, ambaye jina lake lajulikana sana Afrika ya Mashariki. Frederick Selous alizaliwa London katika mwaka wa 1851, akafika Afrika ya Kusini katika mwaka wa 1871, akiwa kijana mwembamba wa miaka 19. Bunduki yake nzuri iliibiwa njiani. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache, alinunua magobori mawili makubwa ya bei rahisi yaliyotengenezwa Birmingham, yasiyo na mifereji. Katika mwaka wa 1872 alifika kwa Lobengula, mfalme wa Matabele, kuomba ruhusa ya kuwinda ndovu, na mfalme akamwona kuwa ni mtoto tu.

Magobori yale yalikuwa ya namna waliyoiita namba nne, yaani katika ratili moja ya risasi zilitoka risasi nne tu za mviringo, kila moja wakia nne. Uzito wa gobori lenyewe ulikuwa kama ratili 12 na nusu. Na baruti? Selous aliichukua katika mfuko wa ngozi, akaitia kwa kuichota kwa mkono. Gao moja lilikuwa kama dramu 20, yaani wakia moja na robo. Ili tupate kulinganisha, bunduki ya askari wa Kiingereza ya mwaka wa 1853 ilitiwa dramu mbili na nusu. Kijana yule alikuwa akipiga mara nane ya kiasi cha askari.

Ni kweli aliua ndovu wengi. Lakini siku moja gobori lilikataa kulipuka. Akampa mbeba bunduki wake, akachukua la pili. Yule mtu, kwa kudhani kwamba limekwisha kupigwa, akatia kiasi kingine juu ya kile cha kwanza na kushindilia. Gobori likamrudia bwana wake, naye akalielekeza kwa ndovu na kuvuta mtambo. Selous alieleza mwenyewe kwamba alinyanyuliwa kutoka chini, akageuzwa hewani, akaanguka kifudifudi mchangani, na mkono wake wa kulia ukawa haufanyi kazi kwa muda. Alipona. Lakini miaka mingi baadaye alisikitika kwamba alipata kuzishika bunduki zile, maana pigo lake lilimwharibia utulivu wa mishipa, na hata alipopata silaha njema bado alihisi athari yake. Selous aliuawa vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na kaburi lake liko huko hata leo.

Wazee wangu, tazameni makosa yale yalikuwa mangapi. Kuna kosa la kuchota baruti kwa mkono, kwa kuwa gao la mtu aliyetulia si sawa na gao la mtu anayekimbizwa na ndovu. Na kuna kosa kubwa zaidi la mdeki usio na alama. Kama mdeki ule ungalikuwa na mkato mmoja wa kisu kuonyesha mahali unapofika kiasi kikiwamo, na mkato wa pili kuonyesha mtutu mtupu, mbeba bunduki angalijua mara moja kwamba kiasi cha kwanza kimo bado. Mkato wa kisu haugharimu hata senti moja.

Katika nchi ambazo watu bado hupiga gobori kwa ruhusa ya sheria, kama Marekani, ambako chama cha wapigaji wa namna hii kilianzishwa katika mwaka wa 1933, kuchagua kiasi kumekuwa ni elimu ya subira. Nitaieleza kwa kifupi, kwa sababu ni ile ile waliyoijua wasasi wetu hodari, ila wao hawakuiandika.

Kwanza mpigaji huuliza mtengenezaji wa bunduki: mwisho wa kiasi ni upi? Mpaka huo hauvukwi. Kisha huanza chini. Wao hutumia mizani ya chembe, ambayo chembe 7,000 ni ratili moja. Kwa mtutu wenye upana wa nusu inchi, yaani sehemu 50 katika 100 za inchi, wengi huanza kwa chembe 50 za baruti. Hupimwa kwa kikopo kidogo cha shaba au cha pembe, kinachojazwa namna moja kila mara. Baruti haimiminwi kamwe kutoka katika pembe kubwa moja kwa moja mpaka mtutuni, kwa kuwa kaa dogo likiwa limebaki ndani, pembe nzima italipuka mkononi mwa mtu.

Hapo mpigaji huegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga shabaha risasi tatu au tano kwa kiasi kimoja. Baina ya pigo na pigo husafisha mtutu, kwa sababu zaidi ya nusu ya baruti iliyoungua hubaki kuwa masizi na moshi mzito, na masizi hayo huubana mtutu na kubadilisha mwendo wa risasi. Kisha huongeza chembe tano, akapiga tena, akaongeza tano nyingine. Hatazami risasi ipi ilipiga katikati. Hutazama ni kiasi kipi kilichozikusanya risasi zote mahali pamoja. Risasi zilizokusanyika upande mmoja ni habari njema, maana shabaha yaweza kusahihishwa. Risasi zilizotawanyika hazina dawa ila kubadili kiasi.

Mara nyingi huonekana hivi: kiasi kikipanda, risasi hukusanyika, kikipanda zaidi, hutawanyika tena. Mahali pale pa katikati ndipo nyumbani kwa bunduki ile. Na bunduki mbili zilizotoka kwa fundi mmoja siku moja zaweza kuwa na viasi tofauti, kama ndugu wa tumbo moja wasivyofanana tabia. Mtutu wenye mifereji inayozunguka polepole huipenda risasi ya mviringo, na aghalabu huvumilia baruti nyingi. Ule wenye mifereji inayozunguka upesi huipenda risasi ndefu. Hata kile kitambaa kilichopakwa shahamu, kinachoizunguka risasi, huokotwa baada ya pigo na kuchunguzwa. Kikiwa kimeungua au kimepasuka, ni ushahidi kwamba kiasi kimezidi au kitambaa ni chembamba mno.

Kwa uwindaji pana jambo moja zaidi. Risasi ya mviringo huchoka upesi. Katika yadi 100 za kwanza yaweza kupoteza karibu nusu ya mwendo wake, na kadiri inavyotoka kwa kasi ndivyo upepo unavyoizuia zaidi. Kwa hiyo mwenye akili hanunui umbali kwa baruti. Huununua kwa miguu yake, akamnyatia mnyama mpaka awe karibu. Kiasi chema cha kuwindia ni kile kinachopiga mahali pamoja kila mara, chenye nguvu ya kutosha kumwua mnyama pasipo kumtesa.

Na kuna makatazo mawili yasiyo na ruhusa. Risasi isiachwe katikati ya mtutu huku pana nafasi tupu baina yake na baruti, maana mtutu waweza kuvimba au kupasuka. Wala baruti ya kisasa isiyo na moshi, ile ya ndani ya risasi za bunduki za siku hizi, isitiwe katika gobori hata kidogo. Nguvu yake ni nyingine kabisa, nayo imewapotezea wengi macho na vidole. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hapa kwetu Kenya mambo hayo ni historia. Uwindaji ulipigwa marufuku katika mwaka wa 1977, na silaha yoyote haiwekwi nyumbani bila cheti cha serikali. Lakini magobori ya mababu bado yaweza kuwako darini na maboharini, kama lile la mzee wetu, na baruti haisahau kazi yake kwa sababu ya uzee. Ikiwa imekaa pakavu, miaka mingi si kitu kwake. Kwa hiyo kila mwanachama ajuaye kwamba nyumbani kwake pana silaha ya namna hiyo asiichezee, asijaribu kuitoa kiasi mwenyewe, wala asiiache watoto waishike. Awaarifu polisi.

Siku polisi walipokuja, yule mzee msasi aliwaonyesha mdeki kabla hawajaondoka. Karibu na ncha ya juu palikuwa na mikato miwili midogo ya kisu, ya kale, iliyokwisha kujaa uchafu, ambayo sisi sote hatukuiona. Babu wa mwenye gobori aliikata kwa mkono wake. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini aliandika pale yote yaliyohitajika: hapa tupu, hapa kiasi. Aliyejua kuisoma mikato ile katika mkutano wetu alikuwa mtu mmoja tu. Basi vijana, waulizeni wazee wenu mambo waliyoyajua, na kuuliza si ujinga.